Je, Wajua? Kivu Ilikatwa Kwanza

Je, wajua kuwa wilaya ya Walikale, moja tu kati ya wilaya sita za Kivu Kaskazini, inakaribia Rwanda nzima kwa ukubwa? Walikale ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000; Rwanda ina 26,338. Ng'ambo ile kuna rais, bunge, baraza la mawaziri na wilaya 30. Huku kuna mkuu wa wilaya mmoja, sekta mbili (Wanianga na Bakano) na msitu.

Na wilaya ya Nyiragongo, ile inayoanzia pale mji wa Goma unapokoma? Kilometa za mraba 163 basi. Unaweza kuipanga ndani ya Walikale mara 140 na nafasi ikabaki. Kwenye makaratasi ya serikali hizi mbili ni ndugu wa cheo kimoja: kila moja ni wilaya, kila moja ina mkuu wake, na wakuu wote wawili wako chini ya gavana mmoja.

Je, wajua kuwa Kongo ilianza kukatwakatwa kabla wakataji hawajaijua vizuri? Mwaka 1888, miaka mitatu tu baada ya Mfalme Leopold II kutangaza dola yake, nchi iligawanywa katika wilaya 11. Nyingi zilifuata mto, maana huko ndiko meli zilikofika: Banana, Boma, Matadi, Stanley Pool, Stanley Falls. Kivu haimo katika orodha hiyo. Huku kwetu Wazungu walikuwa bado hawajaelewana nani achukue nini. Mpaka na Rwanda ulikubaliwa mwaka 1910 mjini Brussels, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakiwa mezani. Wenye ziwa hawakualikwa.

Mwaka 1933 Wabelgiji walipanga majimbo sita, na kila jimbo likabeba jina la mji wake mkuu. Kwa hiyo babu zetu waliishi katika "jimbo la Costermansville", yaani Bukavu ya leo, kwa heshima ya ofisa mmoja wa kikoloni aliyeitwa Paul Costermans. Jimbo lilikuja kuitwa Kivu mwaka 1947.

Je, wajua kuwa jimbo hilo la Kivu, kabla halijakatwa, lilikuwa kubwa kuliko Uganda? Jumlisha mwenyewe: Maniema kilometa za mraba 132,000 na ushei, Kivu Kusini 65,000, Kivu Kaskazini 59,000. Unapata zaidi ya 256,000. Uganda ina 241,000. Yote hayo yaliongozwa kutoka Bukavu.

Je, wajua kuwa Kivu Kaskazini imezaliwa mara mbili? Watu wengi wa Goma wanaijua tarehe ya 1988, lakini jimbo lenye jina hilo liliwahi kuwapo miaka 26 nyuma. Baada ya uhuru, nchi iliyokuwa na majimbo sita ilianza kupasuka: Katanga ikajitenga Julai 1960, Kasai Kusini ikafuata Agosti. Kinshasa, wakati huo Léopoldville, ikaona bora igawe yenyewe kabla haijagawiwa. Sheria ya Aprili 1962 ikafungua mlango, na kwa muda mfupi nchi ikawa na majimbo 21, madogo kiasi kwamba watu waliyaita "vijimbo". Kivu ikatoa vitatu: Kivu Kaskazini, Maniema na Kivu ya Kati.

Hapo ndipo ugomvi ulipohamia kwetu. Goma na Rutshuru ziende upande gani, kaskazini au kati? Zikawa wilaya za kugombaniwa. Jimbo jipya lilipokuja na viti vipya vya waziri, mbunge na mkuu wa polisi, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likageuka swali la nani apate kiti. Mapigano ya 1963 hadi 1965 huko Masisi na Rutshuru, ambayo wazee bado wanayaita Kanyarwanda, yalikuwa na mizizi mingi, na mmoja wao ulikuwa huo.

Mobutu aliponyakua madaraka Novemba 1965 hakupoteza muda. Aprili 1966 majimbo 21 yakawa 12. Kabla mwaka haujaisha yakawa manane, mbali na Kinshasa. Kivu ikashonwa upya, makao makuu yakarudi Bukavu.

Je, wajua kuwa Mobutu huyohuyo ndiye aliyeikata tena? Tarehe 20 Julai 1988 aligawa Kivu katika sehemu tatu: Kivu Kaskazini makao makuu Goma, Kivu Kusini makao makuu Bukavu, Maniema makao makuu Kindu. Majimbo mengine yote ya Zaire yakaachwa kama yalivyo. Kivu ilikuwa shamba la majaribio. Nchi nzima ilipaswa kufuata kama jaribio lingefaulu. Nchi nzima ilikuja kufuata miaka 27 baadaye, Mobutu akiwa amekwisha kufa na Zaire imekwisha kubadili jina.

Kwa mtu wa Goma faida ilionekana haraka. Kabla ya hapo, faili lililohitaji sahihi ya gavana lilikwenda Bukavu, ama kwa boti usiku kucha ziwani, ama kwa barabara ya Sake, Minova na Kalehe, ambayo mvua ikinyesha haina ahadi. Sasa gavana akawa jirani. Mji ukapata hadhi ya mji kisheria, meya, na komuni mbili: Goma na Karisimbi. Ofisi zikavuta watu, watu wakavuta maduka, na miaka michache tu baadaye, 1994, wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda likauvuta mji mzima katika habari za dunia.

Lakini mtu wa Beni je? Kutoka Beni hadi Goma ni zaidi ya kilometa 300, kupitia Butembo, Lubero, Kanyabayonga na Rutshuru. Makao makuu yalipotoka Bukavu kuja Goma, kwake yalisogea, hilo halina ubishi, ila bado alihitaji kufunga safari na chakula cha njiani. Ukimsikia mtu wa Beni au Butembo akisema jimbo halikukatwa vya kutosha, usimwone mchoyo. Mpe ramani na kipimo cha kilometa.

Je, wajua kuwa Katiba ya Februari 2006 iliahidi majimbo mapya ndani ya miezi 36? Kifungu cha 2 kiliorodhesha majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa, jumla 26, badala ya 11 ya awali. Kifungu cha 226 kikaweka muda. Miezi 36 ikapita, hakuna kilichokatwa. Januari 2011 Katiba ikarekebishwa na muda huo ukafutwa kimyakimya. Sheria nyingine, ikasemwa, itapanga namna ya kuyasimika. Sheria hiyo ilipitishwa Februari 2015, na ya mipaka Machi 2015.

Ndipo mambo yakakimbia. Katanga ikawa nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Orientale ikawa nne, Équateur ikawa tano, Bandundu tatu, Kasai mbili zikazaa tano. Bas-Congo ilibadili jina tu, ikaitwa Kongo Central. Na Kivu zote mbili pamoja na Maniema? Hazikuguswa. Zilishakatwa, ikasemwa, zamu yao imepita.

Oktoba 2015 Rais Joseph Kabila aliteua makamishna maalumu kuongoza majimbo mapya 21; magavana walichaguliwa Machi 2016. Wengi waliona haraka hiyo inamlenga mtu mmoja, Moïse Katumbi, gavana wa Katanga aliyekuwa na fedha na umaarufu, ambaye ghafla alijikuta hana jimbo la kuongoza. Alijiuzulu Septemba 2015.

Je, wajua kuwa Tshopo, jimbo kubwa kuliko yote leo, ina karibu kilometa za mraba 200,000, wakati Kasai Mashariki haifiki 10,000? Kila moja hupeleka Kinshasa maseneta wanne.

Hapo kwenye maseneta tupunguze mwendo, maana ndipo hesabu ya kugawa inapoonekana waziwazi. Kila jimbo, liwe na watu wengi au wachache, lina maseneta wanne. Kinshasa ina wanane. Jumla 108. Sasa tazama: iliyokuwa Katanga, kwa kukatwa vipande vinne, ina maseneta 16. Iliyokuwa Équateur, kwa vipande vitano, ina 20. Kivu Kaskazini, mojawapo ya majimbo yenye watu wengi zaidi nchini, ina wanne, sawasawa na Bas-Uélé yenye misitu mingi na watu wachache. Kivu ya zamani yote, vipande vitatu, ina 12. Aliyekatwa kwanza alipata vipande vichache, na aliyekatwa baadaye akapata vingi. Mwanasiasa yeyote wa Butembo anayeota jimbo jipya anaijua hesabu hii kuliko jina la katikati la mkewe.

Je, wajua kuwa Katiba inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, na kwamba fedha hizo zinapaswa kubaki palepale zilipokusanywa kabla ya chochote kupanda kwenda Kinshasa? Ni kifungu cha 175, soma mwenyewe. Kwa vitendo fedha hupanda zote, kisha hushuka kidogo, kwa kuchelewa, kwa barua na safari za gavana. Kuna pia mfuko wa kusawazisha, asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya uwekezaji katika majimbo yaliyoachwa nyuma. Katiba iliutaja 2006, sheria yake ikaja 2016. Jimbo jipya lililozaliwa 2015 lilizaliwa basi na gavana, makamu, mawaziri, bunge la jimbo na magari yao, huku fungu la kuwalisha likiwa bado njiani.

Je, wajua kuwa Goma, makao makuu ya jimbo, ina komuni mbili tu, wakati Butembo ina nne na Beni nne? Butembo ina Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni ina Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Goma imebaki na Goma na Karisimbi, zilezile za tangu enzi za Mobutu, kata 7 huku na 11 kule. Mji ulipopewa komuni hizo ulikuwa mdogo. Sensa ya 1984 haikuukuta hata na watu laki moja. Leo wako zaidi ya milioni, na komuni ni zile mbili.

Twende karibu zaidi, kwenye karatasi yenyewe. Chukua hati ya ukazi ya mtu wa Majengo. Juu kabisa, kushoto, kuna ngazi: Jamhuri, chini yake Jimbo, chini yake Mji, chini yake Komuni ya Karisimbi, chini yake Kata ya Majengo. Mistari mitano kabla jina la mwenye hati halijatokea. Chini kuna muhuri wa duara na sahihi ya shefu wa kata, na kama muhuri umepigwa hafifu, ukifika benki wanakurudisha. Shefu wa kata naye hakufahamu; anayekufahamu ni shefu wa avenyu, na anayekufahamu zaidi ni nyumba kumi, mtu anayejua nani amelala kwako jana. Mpango huo wa nyumba kumi ulianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1960, kwa chama cha TANU, ukavuka mipaka mingi hadi kufika hapa. Kenya nayo iliuchukua mwaka 2013. Kwa maoni yangu ndio mgawanyo pekee ambao mwananchi wa kawaida anauona kila siku, na haumo katika Katiba.

Je, wajua kuwa wilaya haina bajeti yake yenyewe kisheria? Vyombo vyenye utu wa kisheria na kujiendesha, kwa Katiba, ni mji, komuni, sekta na usultani. Wilaya ni ofisi ya serikali kuu tu iliyokaa katikati. Kivu Kaskazini ina usultani 10 na sekta 7. Bwisha na Bwito ziko Rutshuru. Bahunde na Bashali ziko Masisi pamoja na sekta za Osso na Katoyi. Bukumu peke yake imeijaza Nyiragongo.

Sasa Bukumu. Ukipanda pikipiki kufuata barabara ya Rutshuru, ukauacha uwanja wa ndege, nyumba haziishi, mabati yanaendelea, kuta za mawe meusi ya volkano zinaendelea, wauza makaa wanaendelea. Hakuna kibao kinachokushtua. Lakini mahali fulani hapo umetoka mjini: uko Munigi, katika wilaya ya Nyiragongo, kwa Mwami (sultani) wa Bukumu. Anayenunua kiwanja upande huu anashughulika na komuni na ofisi ya ardhi ya mjini. Hatua kadhaa mbele anashughulika na machifu wa kimila kwanza. Mwenye duka aliye karibu na mstari anaweza kutembelewa asubuhi na mtoza ushuru wa mji na mchana na mtoza ushuru wa usultani, na kila mmoja ana risiti. Mji unataka kupanuka, usultani hautaki kuyeyuka. Kila kiwanja kinachohamia mjini ni kodi iliyohama.

Volkano haina habari na mipaka hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita kata za Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikameza vijiji vya Nyiragongo na kusimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene. Waliopoteza nyumba walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta, ila wengine waliandikishwa kama watu wa wilaya.

Je, wajua kuwa mahali panahitaji wakazi 100,000 ili paitwe mji, na 20,000 ili paitwe komuni? Ni sheria ya Oktoba 2008. Na je, wajua kuwa sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika Julai 1984? Hakuna kosa la uchapaji hapo. Watu walihesabiwa wakapatikana takriban milioni 30, Mobutu akiwa na karibu miaka 19 madarakani, na tangu hapo hawajahesabiwa tena. Kila mji na kila komuni iliyopewa hadhi baada ya hapo imepewa kwa makadirio.

Kwa amri za 2013 na 2018 serikali ilitangaza komuni nyingi za vijijini. Huku kwetu ndizo akina Kiwanja, Oicha, Bulongo, Kirumba na Kayna. Ungedhani watu watacheza ngoma. Baadhi walicheza. Wengine, hasa kusini mwa Lubero, walipinga, na sababu zao hazikuwa za kijinga: komuni ya kijijini inamegwa kutoka kwenye usultani, kwa hiyo Mwami anapoteza ardhi, soko na ushuru wa soko, na badala ya chifu wa ukoo anakuja bumesta, yaani mkuu wa komuni, aliyeteuliwa kutoka Kinshasa. Mkulima anauliza swali moja: kodi itapungua au itaongezeka?

Je, wajua kuwa komuni iliyozua kelele kuliko zote nchini ilizimwa kwa maneno yaliyotamkwa Goma? Minembwe, katika milima ya Kivu Kusini, ilikuwa imefanywa wilaya na waasi wa RCD mwaka 1999, ikafutwa baadaye, kisha ikaorodheshwa kuwa komuni ya kijijini mwaka 2013. Septemba 2020 bumesta wake alisimikwa mbele ya waziri wa ugatuzi, Azarias Ruberwa. Nchi ikawaka: jamii nyingine za huko ziliona ardhi yao inakatiwa Wanyamulenge, Wanyamulenge wakaona wananyimwa haki ambayo wengine wote wanapewa. Rais Félix Tshisekedi alikuwa Goma Oktoba 8, akawaambia waandishi wa habari hapa kwamba amefuta kilichofanyika. Komuni moja ya mlimani ilihitaji rais wa nchi kuizima, wakati mamia ya nyingine zilikaa kwenye karatasi bila mtu kuuliza.

Minembwe haikuwa ya kwanza kwa aina yake. Kuanzia 1937 Wabelgiji walileta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda kufanya kazi mashambani, na wakawaundia usultani wao katikati ya ardhi ya Wahunde, ukaitwa Gishari. Mwaka 1957 waliufuta kwa kalamu ileile. Waliokuwa na Mwami wao jana wakaamka chini ya Mwami wa wengine. Ukisoma historia ya vita vya Masisi vya 1993 utakutana na Gishari katika kurasa za mwanzo.

Je, wajua kuwa jenerali wa nchi jirani aliwahi kuunda jimbo ndani ya Kongo? Juni 1999 James Kazini, kamanda wa jeshi la Uganda, alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kumteua gavana, Adèle Lotsove. Katiba ya 2006 ilikuja kuiweka Ituri kati ya majimbo 26, ila kwa njia ya kawaida zaidi.

Miaka hiyohiyo Kivu Kaskazini ilikuwa imekatika bila amri ya mtu. Goma ilikuwa chini ya RCD-Goma, Beni na Butembo chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Kulikuwa na forodha mbili na bendera mbili, na mfanyabiashara wa Butembo alikuwa na uhusiano zaidi na Kampala kuliko na Goma. Hadi leo watu husema Grand Nord (upande wa Beni na Butembo) na Petit Nord (upande wa Goma), ingawa ukiihesabu Walikale, hiyo "Petit" ndiyo kubwa zaidi kwa eneo.

Tuvuke mpaka kidogo. Je, wajua kuwa mwezi mmoja kabla ya Kongo kutangaza Katiba ya kugawa, Rwanda ilikuwa inaunganisha? Januari 2006 mikoa 12 ya Rwanda ikawa minne na jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Gisenyi, mji unaouona kutoka Birere, mjini Goma, bila darubini, uliamka siku hiyo si makao makuu ya mkoa tena. Ukawa ndani ya wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi. Burundi imefuata: kwa sheria ya 2023 iliyoanza kutumika 2025, mikoa 18 imekuwa mitano na komuni 119 zimekuwa 42.

Uganda imekwenda njia ya pili. Museveni alipoingia 1986 alikuta wilaya 33. Leo ni zaidi ya 130, na kila wilaya mpya huja na kiti cha mbunge mwanamke. Tanzania ilizaa mikoa minne kwa mpigo mwaka 2012, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, kisha Songwe ikamegwa kutoka Mbeya 2016. Kenya ilifunga mjadala kwa kuandika kaunti 47 ndani ya Katiba ya 2010, na asiyeridhika akarekebishe Katiba.

Wahindi ndio waliobobea. Wilaya ya Thane, karibu na Mumbai, ilikutwa na watu zaidi ya milioni 11 katika sensa ya 2011. Soma tena: ni wilaya. Agosti 2014 ikamegwa Palghar. Andhra Pradesh iliamka Aprili 4, 2022 ikiwa na wilaya 26 badala ya 13. Tofauti na sisi, wao walikuwa wamehesabu watu.

Turudi nyumbani, maana ramani ya nyumbani haijatulia. Desemba 2018 wapigakura wa Beni na Butembo walizuiwa kumchagua rais kwa sababu ya Ebola na usalama. Beni vijana walijipangia vituo vyao na kupiga kura za mfano. Desemba 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa kura, kwa sababu ya vita. Tangu Mei 6, 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi: gavana ni jenerali, meya ni polisi. Hali hiyo ilitangazwa kwa siku 30, ikawa inaongezwa kila wiki mbili.

Na tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, jimbo moja lina magavana wawili. Mmoja ameteuliwa na AFC/M23 na anakaa Goma. Mwingine, Jenerali Evariste Somo Kakule, aliteuliwa na Kinshasa na anakaa Beni. Mihuri ni miwili pia, na mwenye duka anayesafirisha bidhaa kutoka upande mmoja kwenda mwingine anaifahamu yote miwili.

Kwa hiyo Grand Nord imepata ofisi ya gavana bila kuiomba kwa sheria. Kifungu cha 4 cha Katiba kinaruhusu jimbo jipya kuzaliwa kwa kumega, na kila baada ya muda wazo hilo hufufuliwa na wanasiasa wa huko. Wakilifikisha bungeni watapaswa kutaja makao makuu. Beni na Butembo zimeachana kilometa hamsini na kitu, kila moja ina meya, kila moja ina komuni nne. Ukiuliza Butembo makao makuu yawe wapi, jibu unalijua. Ukiuliza Beni, unalijua pia.